Walther Bothe

Walther Wilhelm Georg Bothe (Oranienburg, 8 Januari 1891 – Heidelberg, 8 Februari 1957) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni mbinu ya matukio sanjari, yaani njia ya kuchunguza chembe ndogo kuliko atomu kwa kuangalia kama vifaa viwili vimeguswa kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ajili ya mbinu hiyo na ugunduzi alioufanya kwa kuitumia. Aligawana tuzo hiyo na Max Born.

Wazo la Bothe bado ni msingi wa vigunduzi vya chembe. Vifaa vyake vilipima muda kwa elfu za sekunde, ilhali vihisio vya silikoni vya siku hizi hupima kwa pikosekunde, yaani sehemu za bilioni ya elfu ya sekunde. Hata hivyo swali linaloulizwa ni lilelile: je, matukio haya mawili yametokea pamoja?

Maisha ya awali

Bothe alizaliwa Oranienburg, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Berlin. Wazazi wake walikuwa Friedrich Bothe na Charlotte Hartung. Kuanzia mwaka 1908 hadi 1912 alisoma fizikia, hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka 1914 alipata shahada ya uzamivu chini ya Max Planck.

Mwaka 1913 alikuwa ameajiriwa katika Physikalisch-Technische Reichsanstalt (PTR), taasisi ya taifa ya vipimo iliyokuwa Berlin. Taasisi hiyo ilikuwa imefungua maabara mpya ya unururifu iliyoongozwa na Hans Geiger. Geiger alikuwa ametoka Manchester, Uingereza, alikofanya kazi pamoja na Ernest Rutherford. Kwake Bothe alijifunza kuchagua, kati ya majaribio mengi yanayowezekana, lile lenye haraka zaidi, kisha kulifanya kwa vifaa rahisi iwezekanavyo.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikatiza kazi hiyo. Bothe alijiunga na kikosi cha wapandafarasi, akatekwa na Warusi na kupelekwa Siberia. Akiwa mfungwa alijifunza Kirusi na kuendelea na hesabu za fizikia ya nadharia. Alirudi Ujerumani mwaka 1920. Mwaka huohuo alimwoa Barbara Below wa Moscow, wakazaa mabinti wawili.

Jaribio la Bothe na Geiger

Mwaka 1923 Mmarekani Arthur Compton alionyesha kwamba eksirei zikigonga elektroni hupoteza sehemu ya nishati yake, kama gololi inavyopunguza mwendo ikigonga gololi nyingine. Maelezo rahisi yalikuwa kwamba nuru husafiri kwa vipande vya nishati vinavyoitwa fotoni, kama Albert Einstein alivyopendekeza mwaka 1905. Lakini wanafizikia wengi hawakuwa tayari kukubali wazo hilo.

Mwaka 1924 Niels Bohr, Hendrik Kramers na John Slater walitoa nadharia iliyoiacha nuru kuwa wimbi tu. Gharama ya nadharia hiyo ilikuwa kubwa. Kanuni ya hifadhi ya nishati, inayosema kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, isingekuwa kweli tena kwa kila tukio moja moja. Ingekuwa kweli kwa wastani tu, baada ya kujumlisha matukio mengi. Mmoja wa misingi ya fizikia ulikuwa hatarini, na Bohr alikuwa mtu mwenye sauti kubwa katika fani hiyo.

Bothe na Geiger waliona kwamba ubishi huo ungeweza kuamuliwa kwa kupima muda. Kama fotoni inagonga elektroni kwelikweli, basi elektroni hurushwa na fotoni hugeuza njia kwa wakati uleule. Kama nadharia ya Bohr na wenzake ni sahihi, mambo hayo mawili hayafungamani, na yatatokea pamoja kwa bahati tu.

Walipitisha mwale mwembamba wa eksirei katika gesi ya hidrojeni. Upande mmoja waliweka kihesabio cha kushika elektroni, na upande wa pili kihesabio cha kushika fotoni. Kihesabio cha wakati huo kilikuwa chumba kidogo chenye gesi na ncha kali ya chuma iliyotiwa volti nyingi. Chembe ikiingia ndani, gesi hutoa mpigo mdogo wa umeme. Mipigo ya vihesabio vyote viwili iliandikwa kando kwa kando juu ya filamu ya picha iliyokuwa ikikimbia. Baadaye watafiti walikagua filamu na kupima umbali kati ya alama za upande huu na alama za upande ule.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha. Kihesabio cha fotoni kilikosa fotoni nyingi kuliko zile kilizozishika, hivyo ilibidi kukusanya data kwa muda mrefu. Filamu iliyotumika ilikuwa nyingi kiasi kwamba maabara, yenye vipande vilivyoanikwa vikauke, ilifanana na kwa dobi.

Matokeo yalitolewa mwaka 1925. Alama zilizopatana kwa wakati zilikuwa nyingi mno kuliko zile ambazo zingeletwa na bahati, na idadi yake ililingana na makadirio ya nadharia ya fotoni. Nishati ilihifadhiwa katika kila tukio. Mwaka huohuo Compton na Alfred Simon walifikia jibu hilohilo nchini Marekani kwa njia nyingine. Bohr alikubali kwamba nadharia yake imeshindwa.

Swali hilo lilirudi mwaka 1936, wakati jaribio la Robert Shankland huko Chicago lilipoonekana kupinga matokeo ya mwaka 1925. Bothe alirudia kipimo pamoja na msaidizi wake Heinz Maier-Leibnitz kwa vifaa bora zaidi, na jibu la kwanza likathibitishwa.

Miale ya kosmiki

Mwaka 1925 Geiger alihamia Kiel, na Bothe akawa mkuu wa maabara ya Berlin. Mwaka 1928 Geiger na mwanafunzi wake Walther Müller walitengeneza kihesabio kipya kilichokuwa na uwezo mkubwa zaidi. Bothe na Werner Kolhörster walikitumia mara moja kuchunguza miale ya kosmiki, ambayo Victor Hess wa Austria aliigundua mwaka 1912 kwa kupanda angani kwa puto.

Wakati huo wengi waliamini kwamba miale hiyo ni ya gamma, yaani jamii moja na eksirei lakini yenye nguvu zaidi. Bothe na Kolhörster waliweka vihesabio viwili, kimoja juu ya kingine, wakaona kwamba mara nyingi vilitoa mpigo kwa pamoja. Mwale wa gamma huonekana tu unapotoa elektroni, na ni vigumu mwale mmoja ufanye hivyo mara mbili katika sehemu mbili ndogo. Chembe yenye chaji, kinyume chake, ingeweza kupenya vyote viwili na kuacha alama katika kila kimoja.

Ili kuhakikisha, walichomeka tofali la dhahabu lenye unene wa sentimita 4.1 katikati ya vihesabio. Elektroni ya kawaida inayotolewa na miale ya gamma isingeweza kupenya dhahabu hiyo. Hata hivyo takriban asilimia 76 ya chembe zilipita. Matokeo hayo, yaliyotolewa mwaka 1929, yalionyesha kwamba miale inayofika ardhini ina chembe zenye chaji na nishati kubwa kupita kiasi kilichojulikana. Leo inaeleweka kwamba nyingi kati yake ni myuoni zinazozaliwa juu angani.

Katika kipindi hicho Bothe aliachana na filamu. Alitengeneza sakiti yenye vali ya redio iliyotoa ishara pale tu mipigo miwili ilipoingia karibu kwa pamoja, ndani ya takriban elfu moja ya sekunde. Mwitalia Bruno Rossi alibuni sakiti bora zaidi mwaka 1930, iliyoweza kuunganisha vihesabio vitatu au zaidi. Katika majira ya joto ya mwaka huo alifika Berlin kufanya kazi katika maabara ya Bothe.

Mwaka 1933 Rossi alipeleka vihesabio hivyo Asmara, Eritrea, mji ulioko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta kuliko Ulaya. Huko aliona kwamba miale mingi zaidi inatoka magharibi kuliko mashariki, dalili kwamba chembe zinazoingia kutoka angani zina chaji chanya.

Miale ya berili na nyutroni

Mwaka 1930 Bothe aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Giessen. Mwaka huo yeye na Herbert Becker walipiga elementi nyepesi kwa chembe za alfa zinazotoka katika poloni. Berili ilitoa miale ya ajabu iliyoweza kupenya vizuizi vinene vya metali. Kwa kuwa haikuwa na chaji, Bothe na Becker walidhani ni miale ya gamma yenye nishati nyingi.

Kwa kweli sehemu ya miale hiyo ilikuwa ya gamma, lakini si yote. Mwanzoni mwa mwaka 1932 Irène na Frédéric Joliot-Curie huko Paris waliona kwamba miale ya berili hutoa protoni kwa kasi kubwa kutoka katika nta ya parafini. James Chadwick wa Cambridge alitambua mara moja kwamba fotoni haingeweza kufanya kazi hiyo. Miale ilikuwa na chembe nzito isiyo na chaji, yaani nyutroni. Chadwick alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Bothe ndiye aliyefungua mlango huo, ila hakuingia.

Chini ya utawala wa Nazi

Mwaka 1932 Bothe alichukua nafasi ya Philipp Lenard katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Lenard alikuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, lakini pia alikuwa kiongozi wa kundi la wanafizikia waliounga mkono chama cha Nazi na kukataa mafundisho ya Einstein kwa sababu alikuwa Myahudi. Baada ya Nazi kushika serikali mwaka 1933, wafuasi wa Lenard walimwekea Bothe vikwazo hadi akaacha wadhifa wake chuoni.

Mwaka 1934 alihamia taasisi ya utafiti wa tiba ya Kaiser-Wilhelm mjini humohumo, akawa mkuu wa idara ya fizikia. Pamoja na Wolfgang Gentner alijenga mashine ya Van de Graaff ya kuharakisha chembe na kuchunguza jinsi miale ya gamma inavyovunja viini vya atomu. Baadaye alianza kujenga saiklotroni, ambayo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1943 katikati ya vita.

Vita Kuu ya Pili na suala la grafiti

Baada ya Otto Hahn na Fritz Strassmann kugundua mpasuko wa urani mwishoni mwa mwaka 1938, jeshi la Ujerumani liliwakusanya wanafizikia kuchunguza matumizi yake. Bothe alikuwa mmoja wao. Ili kinu cha nyuklia kifanye kazi, nyutroni lazima zipunguzwe mwendo na kitu kisichozimeza. Vitu viwili vilifikiriwa: grafiti na maji mazito.

Mnamo Januari 1941 Bothe na Peter Jensen walipima grafiti na kukuta kwamba inameza nyutroni nyingi kupita kiasi. Grafiti waliyoitumia ilidhaniwa kuwa safi sana, lakini kipimo hakikuwa sahihi. Sababu inayotajwa mara nyingi ni uchafu uliobaki ndani yake, hasa boroni, kwa kuwa chembechembe chache za boroni zinatosha kumeza nyutroni nyingi. Hewa iliyokuwa kati ya matofali ya grafiti pia hutajwa.

Mradi wa Ujerumani ulitegemea maji mazito kutoka kiwanda cha Vemork nchini Norwei. Kiwanda hicho kilihujumiwa na wapiganaji wa Norwei mnamo Februari 1943. Nchini Marekani, Leo Szilard alisisitiza kwamba viwanda vitengeneze grafiti isiyo na boroni, na tarehe 2 Desemba 1942 kinu cha kwanza cha dunia, kilichotumia grafiti, kiliwashwa Chicago chini ya Enrico Fermi.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu uzito wa kosa hilo. Wengine wanaliona kuwa lililozuia Ujerumani kupata kinu cha nyuklia. Wengine wanakumbusha kwamba mwanafizikia Wilhelm Hanle alionyesha tatizo la uchafu mapema, na kwamba jeshi lilichagua maji mazito kwa kuwa kusafisha grafiti kungekuwa ghali mno.

Majeshi ya Marekani yaliingia Heidelberg mwezi Machi 1945. Mwanafizikia Samuel Goudsmit, aliyekuwa akichunguza mradi wa Wajerumani, alimkuta Bothe, ambaye walifahamiana tangu kabla ya vita. Bothe alimwonyesha kazi yake ya kisayansi kwa uhuru, lakini alikataa kuzungumzia kazi ya kijeshi maadamu vita havijaisha. Hati za siri alikuwa amekwisha kuzichoma.

Miaka ya mwisho

Baada ya vita Bothe alirudishiwa uongozi wa taasisi ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, akaushika hadi mwaka 1953 huku akiendelea na idara yake ya zamani. Mwaka 1953 alipewa Nishani ya Max Planck.

Alijulikana kama mkuu mkali maabarani, lakini nyumbani alikuwa mkarimu. Alipenda kupiga piano, hasa muziki wa Bach na Beethoven, na wakati wa likizo milimani alichora kwa rangi za mafuta na za maji.

Tuzo ya Nobel ilipotangazwa mwaka 1954 afya yake ilikuwa imedhoofika, na hotuba yake haikusomwa bali ilichapishwa tu. Ndani yake alimkumbuka Geiger, aliyefariki mwaka 1945 bila kuipata tuzo hiyo. Bothe alifariki Heidelberg tarehe 8 Februari 1957 akiwa na umri wa miaka 66. Mkewe alikuwa ametangulia kufariki. Mwaka 1958 idara yake iligeuzwa kuwa Taasisi ya Max Planck ya Fizikia ya Nyuklia chini ya Gentner.

Mbinu ya matukio sanjari leo

Mbinu ya Bothe ilienea haraka. Mwaka 1932 Patrick Blackett na Giuseppe Occhialini waliunganisha vihesabio sanjari na chumba cha ukungu, ili kamera ipige picha pale tu chembe inapopita. Kanuni hiyo ya kuchagua matukio ndiyo inayoendesha vigunduzi vikubwa vya maabara ya CERN karibu na Geneva, Uswisi.

Katika mashine ya LHC ya CERN makundi ya protoni hukutana kila baada ya nanosekunde 25. Mashine hiyo inaboreshwa ili kila mkutano uweze kuleta migongano ipatayo 200 kwa mara moja. Migongano hiyo hutokea karibukaribu kiasi kwamba ni vigumu kujua chembe ipi imetoka katika mgongano upi. Kwa sababu hiyo vigunduzi vya ATLAS na CMS vinaongezewa tabaka za kupima muda. Sehemu zilizo karibu na njia ya protoni zinatumia vihisio vya silikoni vyenye unene wa takriban mikromita 50, vinavyojulikana kwa kifupi kama LGAD. Ndani yake kuna tabaka jembamba lenye boroni, ambalo huzidisha mpigo wa umeme, na kihisio kipya huweza kupima muda kwa usahihi wa pikosekunde 30 hivi.

Tatizo kubwa ni mnururisho. Nyutroni na chembe nyingine zikigonga silikoni kwa miaka mingi, husogeza atomu kutoka mahali pake, na boroni hupoteza kazi yake polepole. Mpigo hupungua na muda hauonekani vizuri. Watafiti huongeza kaboni katika tabaka hilo ili boroni idumu, hupoza vihisio hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na huongeza volti kadiri vinavyochakaa. Lakini volti zikizidi, chembe moja yaweza kukiunguza kihisio kabisa.

Ili kujua kihisio kitadumu kiasi gani, huwekwa kwanza katika kinu cha utafiti, kwa mfano kile cha Ljubljana, Slovenia, kipigwe na nyutroni nyingi kama zile za miaka mingi ya kazi. Kisha hupangwa pamoja na kihisio kingine kinachojulikana vizuri, na elektroni kutoka chanzo cha stronti-90 hupenya vyote viwili. Mipigo inayotokea pamoja ndiyo inayohesabiwa, na tofauti ya muda kati yake huonyesha kama kihisio bado kinafaa. Ni mpangilio uleule wa vihesabio viwili ambao Bothe na Geiger walianza nao Berlin.